Kilomita Kumi na Moja Kasoro Mita Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru dakika za mwisho na hivyo nafasi yake nimeishika mimi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye yuko likizo na hivyo nafasi yake naikaimu mimi, Ndugu Mkurugenzi wa Idara ya Matembezi, Miinuko na Mandhari, yaani mimi mwenyewe kwa cheo changu halisi (makofi ya watu wachache), wakuu wa vitengo mliokuja, wakuu wa vitengo mliotuma wawakilishi, wawakilishi mliotuma wawakilishi wenu, Ndugu Mpima wetu na goti lako, pole sana, fundi seremala na vibao vyako thelathini na viwili, kwaya ya idara, madereva, mke wangu mpenzi uliyeketi mstari wa mbele na kunikazia macho tangu saa saba, mama mkwe wangu mtukufu, ambaye hayupo kwa sababu yuko mlimani, na wewe Mlima wenyewe, uliosimama hapo kushoto kwangu enzi na enzi bila kuletewa maendeleo hata siku moja: itifaki imezingatiwa, na kama kuna ambaye hajazingatiwa, naomba ajizingatie. (Kicheko. Mkurugenzi anakunywa chai, anarudisha kikombe mezani.)

Ndugu zangu, tumekutana kwenye uwanja huu wa idara kuzindua rasmi Mradi Jumuishi, Shirikishi na Endelevu wa Njia ya Duara ya Matembezi ya Siku Moja Juu ya Mlima, ambao ni mradi wa kimkakati, wenye viashiria, wenye viashiria vya viashiria, na ambao ni mtambuka, maana yake unagusa kila mtu. (Sauti: "Mimi haujanigusa!") Utakugusa, ndugu yangu, kuwa na subira, wewe uko awamu ya tatu. Sasa kuna watu huko mitaani wanauliza, kwa nini duara? Kwa nini isiwe njia ya kawaida, mtu anapanda, anafika, anashuka? Nawajibu kwa takwimu. Mtu anayerudi kwa njia aliyoendea hupoteza asilimia hamsini ya mandhari, kwa kuwa anaona miti ileile, ila migongo yake. Na akirudi ameinamisha kichwa kwa uchovu, upotevu hupanda na kufikia asilimia tisini na nne. Nchi haiwezi kwenda mbele ikiwa wananchi wake wanarudi walikotoka! (Makofi.) Kwa hiyo nikisema "Duara!" mtaitikia "Halina kona!" Duara! (Umati: "Halina kona!") Duara! (Umati, kwa sauti ndogo zaidi: "Halina kona!") Ahsanteni, hapo watu wa nyuma mmechelewa kidogo lakini moyo nimeuona.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, watembeaji kumi na wawili walioteuliwa kwa vigezo, wakiongozwa na mama mkwe wangu, mwenye miaka sabini na moja na mapafu ya mtu wa miaka thelathini, waliondoka uwanjani hapa kupitia lango la nyuma, lile lililo migongoni mwenu, wakiwa na chupa za maji, kofia za mradi na nakala moja ya ramani. Kwa mujibu wa ratiba, watapanda mlima, watauvuka juu kwa juu, watashuka upande wa pili, watazunguka, na saa nane kamili mchana watatokea mbele yenu, chini ya lango hili jipya la mbao lenye utepe, bila kukanyaga mara mbili jani lile lile. Ndiyo maana viti vyenu vyote mia tatu vimetazama huku. Ndiyo maana kwaya imetazama huku. Hata gari la wagonjwa limeegeshwa likitazama huku, ingawa halitahitajika.

Na hapa mezani, kando ya kikombe changu, iko barua. Naomba niinyanyue ili wa nyuma waione. Barua hii ni ya kumwachisha kazi dada wa masjala, yule pale aliyeketi mwisho kabisa, karibu na sanduku la mafaili, mwenye kitambaa cha bluu. Usiiname, dada, tunakuona. Dada huyu ameitumikia masjala yetu miaka kumi na tisa, ndiye anayejua faili gani liko rafu gani, na kwa sababu hiyo akafikiri anajua hata kilichomo ndani. Ramani ya mradi ilipopita kwake kwenda kupigwa mihuri, alichukua penseli akaandika pembeni sentensi mbili. Ya kwanza siisomi, maana ni utovu wa nidhamu mtupu na hapa kuna watoto. Ya pili inasema, nanukuu: "Watu watapanda mpaka kwenye jiwe, watakosa pa kupita, na watarudi walikotoka." (Minong'ono.) Mnaona? Mtu wa masjala! Hajawahi hata kuhudhuria semina elekezi! Kwa hiyo nilitamka mbele ya wakuu wa vitengo, na leo narudia mbele ya umma: watembeaji wakitokea lango la mbele, natia sahihi barua hii papo hapo, kwa kalamu hii. Na wakitokea lango la nyuma kama alivyotabiri, basi... hilo haliwezekani, kwa hiyo halikuwekewa utaratibu. (Sauti ya mwanamke: "Ana watoto watatu shuleni, Mheshimiwa!") Suala la watoto limepokelewa, mama, linafanyiwa kazi.

Sasa nirudi kwenye historia, maana vizazi vijavyo vitauliza njia hii ilipatikanaje. Ilikuwa Jumatatu. Ramani ya mlima ililetwa mezani kwangu asubuhi ikiwa tupu kabisa, na mimi nilikuwa na kiu ya maendeleo. (Anakunywa chai.) Nikaitwa kikaoni ghafla. Kikao kilichukua saa tano, ajenda ilikuwa ni kupunguza vikao. Niliporudi, ndugu zangu, njia ipo! Duara zima, la rangi ya kahawia, limekaa juu ya mlima kama pete kidoleni. Nikaita wafanyakazi wote nikauliza, ni nani kati yenu amefanya kazi hii nzuri? Kila mmoja akakana. Mmoja akakana mara mbili. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba huu ulikuwa ni ubunifu wa pamoja, kwa sababu ubunifu wa mtu mmoja siku zote hupata mwenyewe, tena kabla ya saa sita. (Makofi.) Ramani ilikuwa bado na unyevunyevu, na ilinukia tangawizi kwa mbali, jambo ambalo Kitengo cha Udongo kilitafsiri kuwa ni dalili ya rutuba.

Tangu siku hiyo faili limezunguka vitengo saba kwa miaka miwili, na hakuna kitengo hata kimoja kilichopinga. Kitengo cha Mipango kiliandika "Nimeona." Kitengo cha Mazingira kiliandika "Nimeona alichoona mwenzangu." Kitengo cha Sheria kilituma barua ya kurasa tisa kikisema hakijaona ila hakina kipingamizi. Mpima wetu, licha ya goti lake, hakukaa bure. Alichukua uzi, akauzungusha juu ya ule mstari bila kukosea hata punje, akaunyosha kwenye rula, akapiga hesabu ya vipimo vya ramani na kutuletea urefu halisi wa njia, nao ni kilomita kumi na moja kasoro mita nne. Simama, Mpima, watu wakuone. (Mpima anasimama, anashika goti, anakaa.) Mwanamume huyu amepima mlima mzima bila kuinuka kwenye kiti. Wenzetu wa nje hutumia ndege!

Wapo waliogundua, na mimi nawapongeza kwa umakini wao, kwamba duara lile lina pengo dogo upande wa juu, kama mita mia mbili hivi, ambapo mstari unakatika kisha unaendelea. Hatukulificha. Tuliunda kamati ndogo ya pengo. Kamati ikapendekeza kwamba pengo hilo ni la makusudi, na kwamba mtembeaji akifika pale atafakari. Vilevile katikati ya duara kuna tone la kahawia iliyokolea, ambalo wataalamu wamethibitisha ni ziwa. Hatukuwahi kujua kama tuna ziwa, ndugu zangu! Wazee wetu waliishi hapa na kuzikwa hapa bila kujua! Tayari Kitengo cha Maji kimeunda kamati ya boti, nayo imeandaa andiko la boti mbili.

Na mandhari! Niseme nini kuhusu mandhari? Njia hii ina vituo vinane vya kutazamia. Kituo cha kwanza, unatazama ulikotoka na kuona umbali uliobaki. Kituo cha pili, unaona kituo cha tatu. Kituo cha tatu, kwa bahati mbaya, unaona kituo cha pili, na hilo limeingizwa kwenye changamoto. Kituo cha nne, unaona paa la ofisi yangu, na kama hakuna ukungu unaniona mimi mwenyewe dirishani nikiwajibika. Kituo cha tano ni pengo. Kituo cha sita unaliona ziwa kwa pembeni, cha saba unaliona kwa mbele, na cha nane, hapo ndipo watu watakapolia, unaona lango hili la mbao, utepe, kwaya, na maendeleo yakikusubiri kwenye kiti. Mimi binafsi mandhari hii nimeiona mara nyingi sana, kwa maandishi.

(Fundi seremala anasimama: "Samahani Mkurugenzi, mimi ndiye niliyetengeneza vile vibao vya kuelekeza njia. Nilipewa ramani nikavisimike mlimani. Nimezunguka kule siku mbili nzima, nimechanwa na miiba, njia sikuiona. Ndiyo maana vibao vyote nikavirudisha, si hivi hapa nyuma ya hema?") Ahsante, fundi, kaa. Kaa tu, nimekuelewa. Jambo hili tulilijadili. Fundi hakuiona njia kwa sababu alikuwa ndani yake. Uliwahi kuona gari likiwa ndani ya gari? (Umati unatafakari.) Ndiyo hivyo. Na vibao kurudi hapa ni hatua ya kiusalama, maana mlimani kuna upepo, na mtu akitaka kuelekezwa atapita uwanjani kwanza, ataelekezwa kwa vibao vyote thelathini na viwili kwa mpigo, kisha atakwenda akiwa anajua kila kitu. Huduma hiyo inaitwa dirisha moja.

Nigusie kidogo takwimu. Katika semina zetu kumi na nne tumewafikia wadau mia mbili na tisini, kati yao mia mbili na sitini walikiri kuufahamu mlima huu, na karibu nusu yao waliwahi kuuona kwa macho yao. Walioridhika na njia kabla haijazinduliwa ni asilimia mia moja na nne, ile nne ya ziada ni walioridhika wakarudi kuridhika tena. Vyeti vya kuhitimu mzunguko vimekwisha sainiwa. Kitabu cha maoni ya wageni, ili kuwapunguzia usumbufu, tumekijaza sisi wenyewe, na naomba nisome moja: "Nimefurahi sana, hasa upande wa pili. Sikujua kama upande wa pili upo." Mtu akiandika maneno kama hayo, hata kama hajafika bado, unaguswa. (Anafuta jicho. Anakunywa chai. Anatazama saa.)

Saa nane kasoro dakika mbili. Ndugu zangu, naomba tusimame, tutazame lango. Kwaya, tayari. Mpiga picha, panda kwenye kiti. Dada wa masjala, na wewe simama, usije ukasema hukushirikishwa. Kalamu ninayo mkononi. Moja, mbili...

(Utepe unapepea. Kuku anapita chini ya lango.)

Huyo si mtembeaji. Kaeni. Kwaya, endeleeni na wimbo wa kwanza.

(Kwaya inaimba wimbo wa kwanza. Inaimba wa pili. Inarudia wa kwanza.)

Saa nane na nusu. Ucheleweshaji wa dakika thelathini ni wa kawaida katika miradi yenye hadhi ya kimataifa, na kwa kweli unaonyesha kwamba mandhari imewanasa. Nimeletewa hapa kikaratasi kutoka mstari wa mbele, kwa mwandiko ninaoufahamu, kinasema: "Mama yangu yuko wapi?" Ni swali zuri, limeulizwa kwa ufupi, kinyume na utaratibu wetu lakini limeulizwa. Majibu ya awali ni kwamba mama yuko njiani. Njia ikiwa ni duara, hawezi kupotea. Kila anakokwenda anarudi. (Mke wa Mkurugenzi: "Baba watoto, mama yangu yuko wapi?") Nimelisikia, mpenzi, la pili linafanana na la kwanza, tumeyaunganisha.

Saa tisa. Ndugu zangu, niseme jambo ambalo halimo kwenye hotuba hii. Kama Mkurugenzi, siogopi kitu. Kama mkwe, naogopa. Leo asubuhi mama alinishika mkono pale lango la nyuma akaniuliza, "Baba, wewe mwenyewe umeipita njia hii?" Nikamwambia, mama, nimeipita mara nyingi. Nilimaanisha kwa kidole. Hayo yasiandikwe. Mwandika kumbukumbu, weka kalamu chini. Tuendelee na mafanikio ya robo ya pili.

(Kelele nyuma ya umati. Mtoto anapiga kelele: "Wanakuja! Wale kule!")

Mnaona! Nilisema! Duara! Piga ngoma! Dada wa masjala, sogea mbele uone sahihi ikitiwa! Wako wapi? Mbona langoni simwoni mtu?

("Nyuma, Mheshimiwa! Wanakuja kwa lango la nyuma!")

(Watu mia tatu wanageuza shingo. Watembeaji kumi na wawili wanaingia kwa lango walilotokea asubuhi, wamechafuka vumbi. Mbele yao yuko mama mkwe, viatu mkononi. Dada wa masjala amefunika mdomo kwa kitambaa chake cha bluu.)

Tulieni! Tulieni, hakuna kilichoharibika, hili ni suala la mwelekeo tu! Naomba kila mmoja ainuke, anyanyue kiti chake, akigeuze, akae tena. Fanyeni haraka, hawajafika! Mkigeuka wote, lango la nyuma linakuwa mbele, si ndivyo? Na wao watakuwa wametokea mbele, kama ilivyopangwa! Kwaya, geukeni. Gari la wagonjwa, geuka. Fundi, hilo lango la mbao ling'oe, wewe na madereva, libebeni mlipitishe pembeni mkalisimamishe kule! Utepe usikatike! Na meza yangu iletwe, na kikombe, na barua, chai isimwagike! (Viti vinagongana. Madereva wanne wanapita katikati ya umati na lango begani. Fundi anatangulia akisema "Pisheni, pisheni, lango hilo." Mkurugenzi anakimbia nyuma ya meza yake na kipaza sauti.) Simama hapo! Hapo hapo! Mama, ahsante, karibu, pita hapa chini ya utepe!

(Mama mkwe anapita kando ya lango.)

Karibu mama mkwe wangu. Shikamoo. Tunakupongeza kwa kukamilisha mzunguko. Tuambie, mandhari ilikuwaje?

(Mama mkwe anachukua kikombe cha Mkurugenzi, anakunywa chai yote bila kupumua, nayo inamchuruzika mpaka kwenye kitako cha kikombe. Anakunjua ramani juu ya meza, anakiweka kikombe juu yake apate kufuta uso. Kisha anashika kipaza sauti.)

("Marahaba, baba. Mandhari ni nzuri. Sijui kama maishani nimewahi kuona vizuri hivyo. Tumepanda kwa njia ya mbuzi, njia nyembamba tu lakini safi, imepita kwenye kivuli, imepita kwenye chemchemi, mpaka kwenye lile jiwe kubwa. Pale juu, wanangu, unaona mashamba yote, unaona mto unavyojikunja, unaona mpaka nyumba ya marehemu mume wangu na mti alioupanda. Nikakaa nikalia kidogo, nikafurahi. Kisha tukatazama ramani yako, ikatuambia tuendelee mbele. Baba, mbele hakuna kitu. Mbele ni hewa. Jiwe linakatika hapo, chini ni bonde, ukienda hatua moja unafika nyumbani kwa Mungu. Tukatafuta kulia, tukatafuta kushoto, saa mbili nzima. Ziwa hakuna. Nilimtuma mmoja aende kuliona, akarudi akasema ameona mbuzi.")

Mama, hayo ni maoni muhimu, nadhani hapo juu mlifika kwenye pengo la kutafakari...

("Nimetafakari sana. Ngoja kwanza." Mama mkwe anainama juu ya meza. Ananyanyua kikombe, anatazama chini yake, anakirudisha juu ya ramani, anakizungusha taratibu. Kitako cha kikombe kimemeguka kidogo upande mmoja. Anakizungusha mpaka palipomeguka pakakaa juu ya pengo la mita mia mbili. Kikombe na duara vinalingana. Mpima anasimama bila kushika goti. Uwanja mzima umerefusha shingo, hata kuku. Mke wa Mkurugenzi anamnong'oneza mama yake habari za barua na zile sentensi mbili za penseli.)

("Alaa," anasema mama mkwe. "Nani yule aliyeandika kwamba njia hakuna?")

(Dada wa masjala anainua mkono.)

("Njoo, mwanangu. Ile sentensi ya kwanza iliyokataliwa kusomwa, ilisemaje?")

(Dada wa masjala anakuja mbele. Sauti yake inasikika mpaka mwisho: "Ilisema, 'Mheshimiwa, hii ni alama ya kikombe chako.' Nilikuwa nimeomba visahani vya kuwekea vikombe, mama. Nimeviomba mara tatu kwa barua. Nikajibiwa kwamba visahani ni anasa. Kila faili linalorudi masjala lina duara lake. Nilipoona hili moja linataka kupandisha watu mlimani, nikaogopa. Nikasema bora nifukuzwe kuliko mtu aanguke.")

(Mama mkwe anakitoa kikombe juu ya ramani, anatafuta pa kukiweka, anakiweka juu ya barua ya kumwachisha dada kazi, pale pale penye nafasi ya sahihi. Anamkabidhi Mkurugenzi kipaza sauti.)

Ndugu... ndugu wananchi. Ahsante mama. Mwandika kumbukumbu, chukua kalamu. Andika kwamba ilipofika saa tisa na dakika ishirini, Mkurugenzi aliona haya. Andika "haya" peke yake, usiongeze neno. Ni mara ya kwanza katika utumishi wangu na ningependa iingie kwenye ripoti ya mwaka.

Barua hii, kama mnavyoona nikinyanyua kikombe, sasa ina duara. Kwa taratibu za idara yetu, karatasi ikishapata duara si barua tena, ni mradi, na mradi hauwezi kutiwa sahihi mpaka uzunguke vitengo saba, upimwe kwa uzi, uundiwe kamati ndogo... (Dada wa masjala: "Mheshimiwa, ichane tu.") Niichane? Bila kamati? (Mama mkwe: "Chana, baba.") (Mkurugenzi anaichana vipande viwili. Anatazama vipande. Anavichana tena, safari hii kwa haraka. Umati unalipuka kwa shangwe, viti vinaanguka.)

Imetosha, imetosha, msinizidi. Naomba nihitimishe, maana hotuba bila shukrani haijafungwa. Namshukuru fundi seremala, ambaye aliniambia kweli nikamwambia kuhusu gari. Namshukuru Mpima, ambaye kwa uaminifu mkubwa amepima mzunguko wa kikombe changu, na kuanzia leo tunajua kwamba kitako chake, kikikaa mlimani, ni kilomita kumi na moja kasoro mita nne. Navishukuru vitengo saba kwa kuona. Naishukuru kamati ya boti, na kuiomba ivunjike. Namshukuru mama mkwe kwa kurudi, maana bila yeye nisingeweza kurudi nyumbani mimi. Na zaidi ya wote nakushukuru wewe, dada wa masjala, kwa sentensi mbili zilizokuwa na ukweli zaidi kuliko faili zima; Jumatatu njoo kazini, na ombi lako la visahani, lile la kwanza, la pili na la tatu, limekubaliwa leo hadharani bila kupita kitengo chochote.

Nawashukuru nyote kwa kuja kwa wingi wenu kuzindua njia ambayo haipo, haikuwahi kuwapo, na ambayo ilipatikana kwa sababu niliitwa kikaoni kabla sijamaliza chai. Mlima upo, nao hauna kosa. Njia ya mbuzi ipo, ya kwenda na kurudi, na anayetaka kuona mto unavyojikunja apande nayo na ashuke nayo, aione miti ileile na migongo yake. Fundi, kesho kapandishe vibao viwili tu, kimoja kiseme "Juu" na kingine kiseme "Rudi." Nikisema "Kikombe!" mtaitikia "Kisahani!" Kikombe! (Umati, mara ya kwanza leo kwa sauti moja: "Kisahani!") Kikombe! ("Kisahani!") Ahsanteni sana. Mleteeni mama chai nyingine.

(Chai inaletwa, inatoa mvuke, imejaa. Mhudumu anasimama nayo mbele ya meza yenye ramani, hotuba, vyeti na kitabu cha maoni, hajui aiweke wapi. Dada wa masjala anafungua kitambaa chake cha bluu, anakikunja mara nne, anakitandika juu ya mlima.)